Namba Zilizogeuka: Nilivyokihamisha Kidhibiti cha Friza kutoka FreeRTOS kwenda Zephyr

Karakana yangu ipo Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara za Tanga zinazoitwa kwa namba, na sehemu kubwa ya riziki yangu hutokana na kidhibiti kidogo ninachokitengeneza kwa ajili ya vyumba vya friza vya wafanyabiashara wanaonunua samaki katika soko la Deep Sea alfajiri. Kazi ya kidhibiti hicho si ya ajabu. Hupima ubaridi wa chumba kwa sensa mbili, huwasha na kuzima kompresa kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), huhakikisha kwamba kompresa iliyozimwa haiwashwi tena kabla ya dakika 3 kupita ili mgandamizo wa gesi ushuke na mota isiungue, hupiga kengele mlango ukiachwa wazi, na mambo yakiharibika humtumia mwenye mali ujumbe mfupi wa simu kupitia modemu.

Toleo la kwanza lilitumia chipu ya STM32F103, ile iliyomo katika bodi ya bei nafuu ambayo mafundi huiita Blue Pill: megahezi 72, kilobaiti 20 za RAM na kilobaiti 64 za flashi, yaani kumbukumbu inayotunza programu hata umeme ukizimwa. Juu yake niliweka FreeRTOS, mfumo endeshi wa wakati halisi ulioanzishwa na Richard Barry mwaka 2003 na ambao tangu 2017 unasimamiwa na Amazon. Kwa asiyeufahamu, mfumo wa namna hii hauna madirisha wala picha kama ule wa kompyuta ya mezani. Shughuli yake ni kugawa muda wa chipu moja baina ya kazi kadhaa, na kuhakikisha kwamba kazi ya haraka haikai foleni nyuma ya kazi inayoweza kusubiri. Sikuwa na ugomvi nao, na mpaka leo sina. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akihama nyumba hupenda kumsema vibaya mwenye nyumba wa zamani, na mimi sikufukuzwa.

Kilichonihamisha ni soko. Mwaka 2021, dunia ilipokumbwa na uhaba wa chipu, STM32 zilipanda bei kupita kiasi, na nyingine zilizonifikia zilikuwa za kughushi, zenye maandishi sahihi juu na kitu kingine ndani. Wakati huohuo bodi ya Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari mwaka huo kwa dola 4, ilikuwa ikipatikana bila shida, nayo ilikuja na chipu ya RP2040 yenye kilobaiti 264 za RAM na megabaiti 2 za flashi pembeni yake. Tatizo ni kwamba programu yangu ilikuwa imeshikamana na maktaba ya mtengenezaji wa chipu ya kwanza kama kome na mwamba: kila pini, kila waya wa mawasiliano, kila kipimo kilipitia katika amri zake. Kubadili chipu kulimaanisha kuandika upya karibu kila kinachogusa waya. Nikajiambia kwamba kama kuvunja hakuepukiki, bora nivunje mara moja na kujenga mahali ambapo chipu ikibadilika tena nitabadilisha ukurasa mmoja tu. Ndipo nikaichagua Zephyr, mradi ulio chini ya Linux Foundation tangu Februari 2016 na wenye asili yake katika kampuni ya Wind River. Huko vifaa huelezwa katika faili la pekee, linaloitwa mti wa vifaa, na programu yenyewe huomba kifaa kwa jina bila kujua kimeunganishwa na pini gani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la uvivu uliovaa kanzu ya busara. Badala ya kuandika upya sehemu zinazozungumza na mfumo endeshi, niliandika faili moja la ukalimani: majina yote ya amri za FreeRTOS yalibaki kama yalivyokuwa, na ndani ya faili hilo kila jina lilielekezwa kwenye jina linalofanana nalo upande wa Zephyr. Kuunda kazi, kulala, kushika kufuli (ruhusa ya kugusa kitu cha pamoja, inayoshikwa na kazi moja tu kwa wakati), kuweka ujumbe kwenye foleni, kuanzisha saa. Pande zote mbili zina vitu hivi, na vingi vinafanana hata mpangilio wa vigezo. Baada ya wiki moja programu ilijengeka bila kosa hata moja. Nilimwagiza kijana ninayefanya naye kazi akatuletee chai na vitumbua, nikidhani tumemaliza.

Jioni hiyohiyo nilitumbukiza sensa katika sufuria ya maji na barafu, nikawasha, na kipimo cha kwanza kikasema nyuzi 85. Kilichofuata kikasema sifuri na nusu, na vilivyofuata vyote vikatulia. Nilizima na kuwasha mara kadhaa, na kila mara ilikuwa 85 kwanza, kisha ukweli. Kijana akadhani waya umelegea. Mimi nilikumbuka kwamba sensa ya DS18B20 huamka ikiwa na thamani ya 85 katika kumbukumbu yake, na hubaki nayo mpaka imalize kipimo chake cha kwanza, ambacho kwa usahihi wa biti 12 huweza kuchukua hadi milisekunde 750. Kwa hiyo tulikuwa tukiisoma kabla haijamaliza, na hata vipimo vilivyofuata, ingawa vilionekana sawa, vilikuwa vya zamu iliyotangulia.

Chanzo kilikuwa neno moja lisiloandikwa. Katika programu ya zamani nilikuwa nimeandika „lala 750” bila kutaja 750 za nini. Mfumo wa namna hii huhesabu muda kwa midundo, na FreeRTOS kwenye bodi yangu ilikuwa na midundo 1,000 kwa sekunde, hivyo mdundo mmoja ulikuwa milisekunde moja, nami kwa miaka yote nikawa nahesabu midundo huku nikidhani nahesabu milisekunde. Zephyr, kwa jinsi nilivyoijenga, ilikuwa na midundo 10,000 kwa sekunde. Ukalimani wangu uliipokea 750 kwa uaminifu na kulala milisekunde 75. Nilipoitafuta programu nzima nilikuta sehemu 11 za namna hiyo, ikiwemo ile ya dakika 3 za kupumzisha kompresa, ambayo ingegeuka kuwa sekunde 18. Hiyo ya mwisho ilinitoa jasho, maana ingepita majaribio yote ya mezani, ambako rilei yangu ilikuwa inawasha balbu.

La staki, ile nafasi ya kumbukumbu ambayo kila kazi hutengewa, nalipita haraka kwa kuwa lilijitangaza lenyewe. FreeRTOS, katika chipu ile, huhesabu ukubwa wa staki kwa vipande vya baiti 4, na Zephyr huhesabu kwa baiti. Nikaandika 256 palepale pa 256, kila kazi ikapata robo ya nafasi iliyoizoea, na bodi ikaanguka ndani ya sekunde chache kwa ujumbe unaosema wazi kwamba staki imefurika na ni ya kazi ipi. Kosa linalopiga kelele si la kuogopwa sana.

Lililonyamaza ndilo lililoniaibisha. Baada ya wiki mbili za majaribio ya mezani nilifunga kidhibiti kipya katika chumba cha mama mmoja ambaye ni mteja wangu wa siku nyingi. Kwa bahati, au kwa woga, nilimwachia ile swichi ya mkono inayoipita rilei yangu na kuiwasha kompresa moja kwa moja. Siku tisa zikapita salama. Kisha mvua ya masika ikanyesha mchana kutwa, mtandao wa simu ukawa unayumba, na saa tano usiku simu yangu ikaita.

„Shikamoo mama.”

„Marahaba mwanangu. Hicho kidude chako kinanikonyeza taa tu tangu magharibi, na mashine siisikii ikinguruma. Nina kolekole humu za watu, usinitie aibuni.”

Nilimwomba aiwashe swichi ya mkono na nikaenda kwa bodaboda chini ya mvua. Chumba kilichotakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri kilikuwa kimepanda hadi 11 chini ya sifuri. Samaki hawakuharibika, lakini kama asingekuwa macho kungekucha hadithi nyingine. Taa iliyokuwa inakonyeza ni ile inayowaka mara moja kila bodi inapoanza upya. Kidhibiti kilikuwa kinajizima na kujiwasha, tena na tena, kila baada ya sekunde chache, na kwa kuwa kila kinapoanza hulazimika kuipumzisha kompresa dakika 3, hakikuwahi kufikia mwisho wa dakika hizo hata mara moja.

Aliyekuwa akikizima nilimjua. Ndani ya chipu kuna saa ambayo mafundi huiita mlinzi: programu isipoigusa kwa muda uliowekwa, hudhani programu imekwama na kuianzisha bodi upya. Katika RP2040 muda huo hauzidi sekunde 8 na kidogo. Niliyempa jukumu la kumgusa mlinzi ni kazi ya udhibiti, yaani ile inayoamua kompresa iwake au izime. Swali likawa nini kinaizuia kazi ya udhibiti kwa zaidi ya sekunde 8.

Hapa usomaji wangu ulinipoteza. Kila anayeshughulika na mifumo hii amesikia kisa cha Mars Pathfinder, chombo kilichotua katika sayari ya Mars Julai 1997 kikiendeshwa na VxWorks, mfumo mwingine wa wakati halisi, ambacho kilikuwa kinajianzisha upya kwa sababu kazi ya kipaumbele cha chini ilishika kufuli iliyohitajiwa na kazi ya kipaumbele cha juu, halafu kazi ya kati ikaja ikajichukulia muda wote. Wahandisi walikitibu kutoka duniani kwa kuwasha sifa ya kurithisha kipaumbele, yaani anayeshika kufuli huazimwa kipaumbele cha anayeisubiri. Nikaona ugonjwa wangu ndio huo. Nikatumia siku mbili nzima kukagua kufuli moja baada ya nyingine, ilhali kufuli za FreeRTOS na za Zephyr zote hurithisha kipaumbele zenyewe. Nilikuwa namtafuta mwizi wa Mars katika nyumba ya Ngamiani.

Aliyelitegua ni yule kijana, aliyekuwa amekaa pembeni akisoma maelezo ya Zephyr kwa mara ya kwanza, bila mazoea yoyote ya kumzuia kuuliza.

„Kaka,” akasema, „hivi huku kazi yenye namba 1 ni mkubwa au mdogo?”

Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba ni mdogo, na namba ikipanda cheo kinapanda.

„Basi hawa wameandika kinyume.”

Na kweli wameandika kinyume. Katika FreeRTOS sifuri ndicho cheo cha chini kabisa na namba kubwa ndiyo yenye haraka. Katika Zephyr namba ndogo ndiyo yenye haraka, na zile zilizo chini ya sifuri zina upekee wake: kazi yenye namba hasi ikishika chipu hainyang’anywi na kazi nyingine mpaka yenyewe iachie au isubiri kitu. Nilikuwa nimezihamisha namba zangu kama zilivyo. Kuandika kumbukumbu kulikuwa 1, kutuma ujumbe 2, kengele 3, vipimo 4, udhibiti 5. Kwa kuhama tu, karani wa kumbukumbu amekuwa bosi na msimamizi wa kompresa amekuwa wa mwisho kuhudumiwa.

Lakini mbona mezani ilifanya kazi wiki mbili, na kwa mama siku tisa? Jibu lake ndilo ninalolifikiria zaidi kuliko kosa lenyewe. Kazi ya kutuma ujumbe nilikuwa nimeiandika vibaya tangu siku ya kwanza: inapoisubiri modemu ijibu, hailali, huzunguka ikiuliza „umejibu? umejibu?” mpaka ijibiwe au sekunde 30 ziishe. Ni uandishi wa mwanafunzi. Katika FreeRTOS uzembe huo haukumdhuru mtu kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa na cheo cha chini. Kila aliyekuja juu yake aliinyang’anya chipu, akafanya yake, akairudishia iendelee kuzunguka. Kipaumbele cha chini kilikuwa stara ya uzembe wangu. Karakanani, ambako mtandao uko vizuri, modemu hujibu upesi, hivyo hata vyeo vilivyopinduka havikuonekana. Usiku wa mvua, ndani ya kisanduku kilichobanwa kwenye ukuta wa bati, modemu haikujibu, kazi ya ujumbe ikazunguka sekunde 8, udhibiti haukupata hata nukta ya kumgusa mlinzi, na bodi ikaanza upya, ambapo jambo lake la kwanza lilikuwa kutuma ujumbe wa kusema kwamba imewaka.

Nilizigeuza namba, na ningeweza kuishia hapo. Kijana alishauri tuupe udhibiti namba hasi ili asiguswe na yeyote. Nilikataa, kwa sababu cheo cha kutonyang’anywa kinamfaa anayefanya jambo fupi na kuondoka, na mimi nilikwisha kujiona kwamba sijui daima nani ataandika mzunguko mrefu mahali gani. Badala yake tuliiandika upya kazi ya ujumbe ilale kwelikweli, iamshwe na baiti inapoingia kutoka kwenye modemu. Kisha tuling’oa antena, tukamwacha mteja wa kubuni akiomba taarifa usiku kucha, na asubuhi tukakuta bodi haijajianzisha hata mara moja.

Baada ya hapo nililitupa faili la ukalimani, ingawa kijana alilionea huruma. Liliniwezesha kujenga programu kwa wiki moja, na nadhani ndilo lililonigharimu mwezi mzima uliofuata, kwa kuwa lilinionyesha majina niliyoyazoea huku tabia nyuma ya majina hayo zimebadilika. Nilichukua daftari, nikapitia kila mahali programu inapozungumza na mfumo endeshi, na pembeni nikaandika kwa maneno ya kawaida nilichokuwa nakitarajia: hapa nasubiri milisekunde kadhaa, hapa natarajia nisikatizwe, hapa nadhani naendeshwa na kazi ya kawaida.

Dhana hiyo ya mwisho ndiyo iliyotupatia samaki mwingine kabla hajaoza. Kengele ya mlango ilitegemea saa: mlango ukifunguka saa inaanza, sekunde 90 zikiisha amri fulani inaitwa, nayo hushika kufuli, huandika katika orodha ya matukio, kisha huachia. Katika FreeRTOS amri za saa huitwa na kazi maalumu ya mfumo wenyewe, hivyo kushika kufuli humo, hata kama si adabu, kunawezekana. Katika Zephyr huitwa ndani ya katizo la saa ya mfumo (ishara inayosimamisha kwa muda kazi yoyote inayoendelea), mahali ambapo hakuna kulala wala kusubiri, na kufuli haziruhusiwi kabisa. Nilikuwa nimezima ukaguzi ambao Zephyr hujifanyia yenyewe ndani ili kuokoa nafasi, desturi niliyotoka nayo kwenye chipu ya kilobaiti 64 za flashi, na bila ukaguzi huo mfumo haukulalamika. Tulipouwasha, bodi ilisimama papo hapo na kutaja mstari wenyewe. Sasa amri ya saa huacha tu hawala katika foleni ya kazi za mfumo, na mwandishi huiandika baadaye kwa nafasi yake. Ukaguzi siuzimi tena. Megabaiti 2 zinatosha.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kulitwika mfumo wowote, wa zamani wala mpya. Mama alipotuma ujumbe wa kubadilisha ubaridi, mara nyingine jibu la modemu lilifika likiwa limekatika katikati. RP2040 husoma programu yake kutoka flashi iliyo nje, na wakati wa kufuta ukurasa wa flashi hiyo ili kuhifadhi kiwango kipya, hakuna programu inayoweza kusomwa humo, hivyo makatizo yote hufungwa. Kufuta kilobaiti 4 huchukua takriban milisekunde 45, na huweza kuzidi sana. Foleni ya kupokea baiti katika chipu hubeba 32 tu, ambazo kwa kasi yangu ya biti 9,600 kwa sekunde hujaa baada ya milisekunde 33 hivi. Kinachozidi hapo hupotea. STM32 yangu nayo ilikuwa ikisimama inapofuta flashi yake, ila huko sikuwahi kuliona. Tiba ilikuwa kusubiri modemu inyamaze ndipo tuhifadhi.

Mwaka jana nilipata bei nzuri ya bodi nyingine yenye chipu ya STM32F411, nikataka kujua kama gharama yote ile ilinipa nilichokifuata. Niliandika mti wa vifaa mpya, nikabadilisha pini na majina ya njia za mawasiliano, na mchana wa siku ya pili sensa ilikuwa inasoma barafu kwa usahihi tangu kipimo cha kwanza. Katika programu yenyewe sikugusa chochote ila ile sehemu ya kuhifadhi, maana kurasa za flashi za chipu hiyo ni kubwa zaidi na ilibidi nipange upya mahali pa kuweka viwango.

Vidhibiti viwili vya zamani vyenye FreeRTOS bado vinafanya kazi Sahare, na sina mpango wa kuvigusa mpaka chumvi ya bahari ivimalize. Mama naye nilimwambia kwamba swichi ya mkono sasa haina kazi na kwamba naweza kumwondolea ili kisanduku kiwe nadhifu. Aliniambia niiache hapohapo, na akaibandikia karatasi yenye namba yangu ya simu.